Bima ilipotaka kulipa pikapu: kisa cha Land Cruiser ya safari iliyopinduka

Kampuni ya bima iliweka mezani shilingi milioni 64.6. Mwenye gari alitaka milioni 124. Gari lenyewe lilikuwa uani kwenye gereji moja Arusha, paa limelalia viti, kioo cha mbele hakipo, na pande zote mbili za mgogoro zilikuwa na hakika kwamba upande wa pili unataka kudhulumu.

Ninafanya hesabu za kampuni ndogo za utalii, na faili hili lilinifikia mikononi wakati mwenye gari, mama mwenye magari matatu tu, ameshakataa barua ya kwanza ya bima na hajui aandike nini kwenye ya pili. Ninalieleza kwa idhini yake. Majina sitayataja, na tarakimu nimezizungusha kidogo ili asijulikane.

Gari lilianza maisha yake kama pikapu: Land Cruiser HZJ79 ya milango miwili, injini ya 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2. Ni injini ambayo mafundi wa Arusha wanaifungua na kuifunga gizani, na ndiyo sababu inapendwa porini. Alilinunua likiwa limetumika, kwa milioni 62, kutoka mradi uliokuwa unafungwa. Kisha likaenda kwa mafundi wa bodi. Chesisi ikakatwa na kurefushwa, bodi ya nyuma ikajengwa upya, madirisha makubwa ya kuteleza yakawekwa, pamoja na paa la kunyanyuka ili mgeni asimame na kamera yake, na viti saba vya abiria. Kazi hiyo ilimeza milioni 48. Milioni 14 nyingine zilikwenda kwenye vikorokoro: friji, redio ya mawasiliano, winchi, tangi la pili la mafuta, springi na shokapu nzito, na rangi yenye nembo ya kampuni iliyochorwa simba ubavuni. Jumla, milioni 124.

Bima kubwa ilikatwa kwa thamani ya milioni 110. Alipoulizwa na wakala gari lina thamani gani, alitaja namba iliyomjia kichwani, akipunguza kidogo ili ada isimuumize. Wakala akajaza fomu akiwa ameshika kadi ya gari. Kadi iliandika pikapu, naye akaandika pikapu.

Mwaka wa pili wa bima, msimu wa Julai, gari lilipinduka kwenye barabara ya vumbi upande wa lango la Naabi, likitoka Serengeti kurudi Ngorongoro. Tairi la mbele kulia lilipasuka kwenye rafu rodi, dereva akajaribu kulishika, likapanda tuta na kulala ubavu kisha paa. Wageni wanne walitoka na michubuko na mmoja alivunjika mkono. Kifaa cha ufuatiliaji kilionyesha gari lilikuwa chini ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo spidi ya juu inayoruhusiwa hifadhini. Dereva alikuwa na leseni ya daraja C, na polisi hawakukuta pombe. Nayataja haya kwa haraka kwa sababu hayakuleta ubishi. Watu wengi hudhani bima kubwa inakufa dereva akionekana amekosea, lakini kosa la kawaida la dereva ni moja ya mambo ambayo bima hiyo imekatiwa. Kinachoua dai ni leseni isiyofaa, ulevi, au gari kutumika kwa kazi ambayo mkataba hauijui.

Ubishi ulianza kwa mtathmini wa hasara. Aliandika kwamba matengenezo yatagharimu milioni 71, kwamba thamani ya Land Cruiser pikapu ya mwaka ule sokoni ni milioni 68, na kwa hiyo gari halitengenezeki kibiashara: hasara kamili. Kampuni ikachukua milioni 68, ikatoa asilimia 5 ambayo mkataba unamwachia mteja abebe mwenyewe, ikabaki milioni 64.6. Mabaki ya gari yangekuwa ya kampuni.

Ripoti ile ukiisoma mara moja inaonekana imetulia. Ukiisoma pamoja na kiambatisho chake, inajipiga yenyewe. Kiambatisho ni orodha ya matengenezo, na humo, kati ya zile milioni 71, milioni 9 ni za kujenga upya paa la kunyanyuka, na milioni 33 ni za bodi ndefu ya nyuma, madirisha yake na viti vyake. Maana yake mtathmini aliliona gari la safari alipokuwa anahesabu gharama za kulitengeneza, akaona pikapu alipokuwa anahesabu thamani yake. Kama gari ni pikapu, ondoa milioni 42 kwenye matengenezo. Zinabaki milioni 29 dhidi ya thamani ya milioni 68, na hapo hakuna hasara kamili, kuna gari la kurudi gereji. Kama gari ni la safari, basi thamani yake nayo iwe ya gari la safari. Ni sawa na kumlipa mtu bei ya kiwanja kwa nyumba iliyoungua, huku gharama ya kuijenga upya ukiitumia kuthibitisha kwamba haijengeki.

Hoja hii ndiyo iliyobeba barua ya pili, na iliwekwa kwenye aya ya kwanza kabisa. Barua ya kwanza aliyokuwa ameiandika mwenyewe ilijaa uchungu: miaka aliyolipa ada bila kudai hata kioo, mkopo, msimu unaopita. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomlazimu mtu wa madai kubadilisha tarakimu. Anayekaa dawati la madai anahitaji kitu cha kumpelekea bosi wake, na mkanganyiko ndani ya ripoti ya mtathmini wao wenyewe ni kitu cha namna hiyo.

Kampuni haikukosa jibu. Ilisema fomu ya maombi ya bima inasema pikapu, na mteja ana wajibu wa kueleza ukweli wote unaoweza kuifanya kampuni ikatae au ipandishe ada. Chesisi iliyokatwa na kuungwa ni ukweli wa aina hiyo hasa. Ikaongeza, kwa lugha ya upole yenye meno, kwamba kwa msingi huo ingeweza hata kuufuta mkataba wote, na milioni 64.6 ni ukarimu.

Hapa ndipo madai mengi ya magari yaliyofanyiwa mabadiliko hufia, na kusema kweli kampuni haikuwa inabahatisha. Wajibu wa kueleza ni moyo wa bima. Mtu aliyeongeza turbo kwenye Subaru yake na kunyamaza, akija kudai, anaweza kurudi mikono mitupu, na sitamwonea huruma sana. Swali katika kisa hiki lilikuwa jingine: je, kampuni haikujua?

Faili la bima lilitoa jibu, na lilikuwa na mambo matatu. Kwanza, kabla ya kukubali bima kubwa, kampuni ilimtuma mtu kulikagua gari na kulipiga picha. Picha zipo: gari refu, paa limenyanyuliwa, mstari wa viti unaonekana kupitia dirishani. Pili, mkataba wenyewe umeliweka gari kwenye daraja la kubeba watalii kwa malipo, abiria 7, na ada imehesabiwa pamoja na viti hivyo. HZJ79 ya milango miwili inabeba watu watatu, wote mbele wakibanana. Hakuna pikapu ya abiria saba duniani, isipokuwa unawapakia nyuma kama mihogo. Tatu, kampuni ilihuisha bima mwaka wa pili kwa thamani ileile ya milioni 110 bila kuuliza pikapu gani hiyo inayozidi bei ya soko kwa zaidi ya milioni 40.

Kampuni iliyoliona jambo, ikalipiga picha na kulitoza ada, inapata shida kubwa kusimama baadaye na kusema imefichwa. Hoja hii tuliiandika kwa sentensi nne tu, tukiambatisha nakala za picha zao. Kuomba nakala za faili lako mwenyewe, kuanzia fomu hadi ripoti ya ukaguzi wa mwanzo, ni hatua ambayo watu huiruka kwa sababu wanadhani makaratasi hayo ni siri ya kampuni.

Kulikuwa na upenyo mmoja wa hatari zaidi. Mtathmini alikuwa ameandika, kama mtu anayedondosha neno njiani, kwamba "marekebisho ya chesisi huenda yamechangia". Sentensi hiyo ikiachwa, baadaye inaweza kukua na kuwa sababu ya kukataa kila kitu. Mwenye gari aliogopa kuigusa. Mimi niliona lazima iguswe mapema, gari likiwa bado uani, kwa sababu mabaki yakishauzwa hakuna tena wa kuyapima. Fundi mkongwe wa chesisi na mhandisi wa magari walilala chini yake na kulipiga picha kila maungio. Viungo viwili vya kurefushia vilikuwa salama, bamba zake za kuimarisha hazijaachana. Chesisi ilikuwa imepinda mbele, karibu na gurudumu lililopasuka tairi, mahali ambapo hakuna mtu aliyekata. Mhandisi akaandika kurasa mbili, pamoja na vipimo. Kampuni haikuirudia tena hoja hiyo.

Kikabaki kiasi, na hapa ilibidi mwenye gari naye asikie asiyoyapenda. Mkataba wake, kama mikataba mingi ya magari, ulisema kampuni italipa thamani ya soko wakati wa hasara au kiasi kilichokatiwa bima, chochote kilicho kidogo. Milioni 110 ilikuwa dari tu. Haikuwa ahadi. Milioni 124 haikuwa na nafasi popote, kwa kuwa ni historia ya matumizi yake. Bima ya fidia inamrudisha mtu alipokuwa dakika moja kabla ya ajali, na dakika hiyo alikuwa na gari lenye kilomita zaidi ya laki tatu na nusu, springi zilizochoka na rangi yenye nembo ambayo mnunuzi angeanza kwa kuifuta. Simba yule wa ubavuni alimgharimu karibu milioni 3. Sokoni thamani yake iko chini ya sifuri.

Tena kuing'ang'ania 124 kulikuwa na sumu yake. Kusema gari lilikuwa la milioni 124 ni kukiri kwamba ulilikatia bima pungufu. Kwenye hasara kamili hilo haliongezi maumivu, kwa sababu dari ni lilelile. Lakini ingekuwa ajali ndogo ya matengenezo ya milioni 40, na mkataba wenye kifungu cha uwiano, kampuni ingelipa sehemu ya 110 juu ya 124 tu: milioni 35 na nusu, na zilizobaki ni zako. Wanaoshusha thamani ili ada ipungue wangefaa kuifanya hesabu hiyo kabla.

Kwa hiyo tuliacha risiti, tukaenda kutafuta soko. Na bahati ya gari la namna hii ni kwamba soko lake lipo na linaonekana. Gari lililobadilishwa kwa mapenzi ya mtu mmoja, lenye muziki wa kutikisa mtaa na rimu za kung'aa, lina mnunuzi mmoja aliye kama yeye, labda. Land Cruiser ndefu ya safari Arusha ina wanunuzi kila mwaka kabla ya msimu, na bei yake inajulikana kama bei ya ng'ombe mnadani. Tulipata mikataba mitatu ya mauziano ya magari yanayokaribiana na lile kwa umri na kilomita, majina yakiwa yamefunikwa, na barua za bei kutoka gereji mbili zinazojenga na kuuza magari yaliyo tayari. Bei zilianzia milioni 98 hadi 115. Kisha mthamini huru, aliyelipwa na mwenye gari, akayapima yote kwa hali ya gari kabla ya ajali na kuandika milioni 102.

Kuna jambo alilolifanya mthamini huyu ambalo lilisaidia kuliko muhuri wake. Aligawa mabadiliko mafungu mawili. Chesisi, bodi, paa na viti alivihesabu kama gari lenyewe, kwa sababu bila hivyo hakuna mtu wa utalii anayelinunua. Friji, redio na winchi aliviweka pembeni kama vifaa vinavyofunguliwa kwa spana, jumla milioni 7 kwa hali vilivyokuwa. Springi na shokapu alizipa karibu hakuna kitu. Mwenye gari alinung'unika. Aliziagiza kwa bei mbaya. Mthamini alimjibu kwa adabu, "Mama, shokapu za miaka mitatu porini ni chuma chakavu."

Fungu la pili likawa njia ya kukutana. Vifaa vile havikuwa vimeorodheshwa kwenye mkataba, na kampuni ingeweza kuvibishia wiki nzima. Lakini vilikuwa vimenusurika. Mwenye gari akapendekeza avifungue na kubaki navyo, vitolewe kwenye thamani, na kampuni ilipe milioni 95. Hili lilifanyika kwa maandishi kabla spana haijagusa gari. Kufungua kitu kwenye gari lililo chini ya dai bila barua ni kujitafutia tuhuma ya wizi wa mabaki.

Sambamba na barua ya pili, nakala ilikwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Haikuwa mashtaka. Ilikuwa nakala, ikiwa na mstari mmoja unaosema mteja anasubiri jibu la kampuni kabla ya kupeleka lalamiko rasmi. Tanzania tunaye pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambako mteja anaweza kusikilizwa bila kukodi wakili, akishathibitisha kwamba alianza kwa kampuni yenyewe. Hatukufika huko. Kampuni iliita kikao, ikaja na mtathmini wake, na huyo mtathmini, nampa heshima yake, alikubali mbele ya wote kwamba thamani aliitoa kwenye orodha ya bei za pikapu kwa sababu ndivyo kadi ilivyosomeka. Kampuni ilijaribu kwa milioni 85. Kisha 90. Mwenye gari alirudisha kila mara karatasi moja: ripoti ya milioni 102 na makubaliano ya kutoa 7.

Walifunga kwa milioni 95. Toa asilimia 5, yaani milioni 4.75, ikabaki milioni 90.25. Kutoka ile barua ya kwanza, tofauti ni milioni 25.65.

Je, ni haki? Kwa maoni yangu, kwa upande wa gari, ndiyo. Kilichomuuma zaidi hakikuwa humo kabisa: msimu mzima alikodi magari ya wenzake kwa bei ya kila siku ili asiwaangushe wageni aliokwisha kuwapokea fedha zao, na bima ya gari hailipi mapato yaliyopotea. Kadi ya gari nayo ilikuwa na deni lake. Mabadiliko ya bodi yalitakiwa yapelekwe Mamlaka ya Mapato, TRA, ili kadi isomeke ilivyo kweli, na gari lilifanya kazi kwa miaka likiwa pikapu kwenye mfumo. Safari hii picha za kampuni ziliokoa. Kama mkaguzi wa mwanzo angekuwa mvivu na kuandika ripoti akiwa amekaa ofisini, sioni ni kwa hoja gani tungeshinda.

Mabaki yalikuwa na mjadala wake mfupi. Wanunuzi wa vyuma walikuwa wametoa zabuni ya juu ya milioni 18. Mwenye gari akaomba ayachukue yeye kwa bei hiyohiyo, ikakatwa kwenye malipo, akapokea milioni 72.25 taslimu na gari lililopondeka. Wengine walimshangaa. Lakini injini, gia boksi na difu zote mbili zilikuwa nzima, na magari yake mengine mawili yanatumia 1HZ. Kwa mtu mwenye gari moja tu nisingemshauri. Mabaki uani hugeuka haraka kuwa banda la kuku.

Kabla ya fedha kutoka, ililetwa hati ya kukiri malipo, ile inayosema mteja amepokea malipo kamili na ya mwisho na hana dai lingine lolote chini ya bima hii. Ilikuwa imechapwa hivyo kwa kila mtu. Tatizo ni yule mgeni aliyevunjika mkono: dai lake la matibabu lilikuwa halijaisha, na linalipwa na sehemu nyingine ya bima ileile. Mwenye gari alirudisha hati, ikachapwa upya ikiwa na maneno "kwa uharibifu wa gari pekee", ndipo akasaini. Dai la mgeni lilifunguliwa faili lake, na mawakala wake wa nje ndio wanaoandikiana na kampuni sasa.